Fimbo Juu ya Tembe

Nilipoolewa nilikuta mama mkwe wangu ndiye anayeongoza mstari wa kupura mtama, na mpaka leo sijaona mwili wa binadamu ukifanya kazi vizuri namna ile. Nimeona wanariadha, nimeona askari wakikwea kamba, nimeona wapagazi wa stendi ya Singida wakipokezana magunia. Bado hawajamfikia yule mama.

Kwa asiyejua: kwetu masuke yakishakauka humwagwa kwenye kiwanja kilichosiribwa kwa samadi ya ng'ombe mpaka kikawa kigumu. Watu hujipanga mistari miwili, uso kwa uso, kila mmoja na fimbo yake ndefu. Mstari huu ukipiga, ule unainua, na wimbo ndio unaowashikilia wote. Ukikosea pigo fimbo yako inagongana na ya mwenzako, na utachekwa mpaka ukome. Mimi nilichekwa msimu mzima wa kwanza.

Mama mkwe alikuwa mfupi kuliko mimi, mwembamba, na wajukuu tayari anao. Alianza kupura asubuhi umande haujakauka, akaendelea mpaka uji unaletwa, na muda wote huo ndiye anayeimba. Hebu jaribu kupiga na kuimba pamoja uone kifua kitakavyokuambia. Mimi msichana mbichi nilikuwa nikishika kata ya maji mkono unatetemeka, maji yanamwagika. Yeye ananitazama, ananiuliza, "Mwanangu, umechoka nini na sisi bado hatujaanza?"

Aliyesimama mbele yake siku zote, mstari wa pili, alikuwa mtani wake. Ukoo wa mwanamke huyo na ukoo wa mama mkwe ni watani tangu kwa mababu, na utani wao haukuwa wa mchezo. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya wakwe zako. Ana ruhusa ya kuteka kitu chako na kukuambia ukikomboe, na hata kuja msibani kwako akachekesha watu huku wewe unalia. Wewe huna ruhusa ya kukasirika. Zamani hawa wawili walikaa mbali, mmoja huku kwenye mawe makubwa, mwingine kule bondeni, wakikutana kwenye mavuno tu. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zikapangwa kwa mistari iliyopimwa kwa kamba, na kamba ikamleta Mtani jirani yetu, nyumba chache tu kutoka kwetu. Mama mkwe alisema hapo serikali imemwonea.

Kiharusi kilimpata mama mkwe wakati wa palizi, kwenye shamba la kijiji. Jembe lilimtoka mkononi. Akadhani limeteleza, akainama kuliokota, mkono ukakataa. Akacheka. Ndipo nikaona kicheko kimekwenda upande mmoja wa uso, upande wa pili umebaki pale pale. Tulimbeba kwa kitanda cha kamba mpaka zahanati, na kutoka hapo lori la kijiji likampeleka hospitali.

Daktari alimpima kwa muda mrefu. Alisikiliza moyo, akaminya paja, akasikiliza moyo tena. Akamuuliza mume wangu, "Mama huyu anafanya kazi gani?"

Mume wangu akasema, "Hana kazi. Ni mama tu wa nyumbani."

Daktari akatabasamu. "Moyo huu ni wa mtu wa mbio," akasema. "Ndiyo maana mnaye mpaka leo." Kisha akatuambia neno ambalo nalikumbuka vizuri, kwa sababu baadaye lilikuja kuwa kazi yangu. Mkono na mguu vitumike. Kila siku, na kila siku zaidi ya jana. Asipovitumia vitasahau. "Msimfanyie kila kitu," akasisitiza, na sisi wote tukaitikia, ndiyo daktari, ndiyo.

Tukamleta nyumbani na tukamfanyia kila kitu.

Usinicheke. Hebu niambie, nani wa kumwambia mama mkwe, inuka, jilishe? Mimi? Mimi niliyekuwa napiga magoti kumsalimia, shikamoo mama, na siketi mpaka aniruhusu? Au mwanawe wa kiume, amwambie mama aliyemzaa, tembea? Maneno ya daktari yalikuwa sahihi, na hakuna hata mmoja aliyeyapinga. Ila katika nyumba ile hapakuwa na kinywa chenye ruhusa ya kuyasema. Mgonjwa huhudumiwa. Nilimlisha uji, nilimwosha, nilimgeuza, na majirani wakija wakamkuta safi wananisifu, wanasema huyu kweli ndiye mkwe. Na kila asubuhi nilipofunua shuka niliona mkono wa kulia umejikunja zaidi kuelekea kifuani, na shavu la mguu limelegea zaidi.

Yeye alikuwa na sharti moja tu. Alilitamka kwa ulimi mzito, akalirudia mpaka tukamwelewa. "Mavuno yakifika mnipeleke kiwanjani. Nikishindwa kupura, mjue nimeshakufa. Mtakuwa mnangoja kuzika tu." Mume wangu alitoka nje akasimama nyuma ya zizi. Mimi nikabaki namtazama yule mama, nikijua kwamba anasema kweli, kwamba akilipoteza pigo lile hatabaki na kitu cha kumwamsha asubuhi.

Mtani hakuwapo siku hizo. Alikuwa amekwenda Nduguti kumwangalia binti yake aliyejifungua. Aliporudi alikuja kwetu moja kwa moja, vumbi la njia bado liko miguuni. Hakubisha hodi wala hakusema pole. Alichomoa bua la mtama kwenye ua wetu, akaingia mpaka kitandani, akalilaza bua kando ya mama mkwe, toka kichwani hadi kisiginoni.

"Napima kaburi," akasema. "Afadhali wewe ni mfupi. Hutatuchosha kuchimba."

Mume wangu aliruka kutoka kwenye kigoda. Lakini mimi nilikuwa namtazama mgonjwa, na nikaona nusu ya uso wake inacheka. Alikuwa hajacheka tangu siku ya jembe.

"Mbwa wewe," mama mkwe akasema.

"Mbwa anatembea. Wewe je?" Mtani akaketi kitandani bila kukaribishwa. "Wahenga wamesema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ugonjwa nao ni mgeni. Huyu wako unamlisha tangu palizi, amenenepa, na wewe ndiye unayekonda!"

Kisha macho yake yakapanda ukutani, yakaiona fimbo ya kupuria. Ilikuwa fimbo ya mti mgumu, imelainika kwa mikono ya mama mkwe kwa miaka mingi. Akaitungua.

"Hii nimeteka," akasema. "Ukiitaka njoo uikomboe kwangu. Wewe mwenyewe, kwa miguu yako. Na uishike kwa mkono ule pale." Akaunyooshea kidole mkono uliojikunja. "Huu mwingine sina utani nao." Alipofika mlangoni akageuka, akamtazama mume wangu na mimi. "Na yeyote atakayemchukulia atanipa mbuzi jike mwenye mimba."

Mume wangu alitaka kwenda kulalamika kwa balozi wa nyumba kumi. Akaanza hata kuvaa shati. Mama mkwe akamzuia kwa neno moja tu, "Utani." Shati likarudi kwenye kamba.

Siku za kwanza mama mkwe alinuna. Hakula vizuri, akawa anautazama ukuta pale fimbo ilipokuwa. Halafu asubuhi moja nakoroga uji nikasikia kitanda kinalia. Nikakimbia ndani. Alikuwa ameketi, peke yake, miguu imegusa chini, jasho linamtoka.

"Nipe kitu cha kuegemea," akasema.

"Unakwenda wapi, mama?"

"Kwa yule mchawi."

Nikampa mchi wa kinu. Siku hiyo alifika mlangoni, akarudi. Siku nyingine akafika uani. Mguu wa kulia ulikuwa unaburuzika na kuchora mstari kwenye vumbi, na mimi nikawa namfuata nyuma na kigoda ili akichoka aketi. Mtani alikaa nje kwake akipepeta, akitupa matusi kwa sauti ya kusikika kijiji kizima. "Lo! Kobe ameshanipita, yeye bado! Jamani mwambieni mavuno hayamngoji!" Wanawake kisimani walisema huyu amezidi, mgonjwa hafanyiwi hivi. Hata mimi moyoni nilimwita majina ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Lakini mstari wa vumbini ulikuwa unafupika. Niliuona kwa macho yangu. Mguu ulianza kunyanyuka kidogo, ukitua, ukinyanyuka tena.

Siku alipofika kwa Mtani, fimbo ilikuwa imelazwa juu ya kinu, mahali pa kuifikia bila taabu. "Kwa mkono ule," Mtani akasema, hata maji hajampa. Mama mkwe akausukuma mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto mpaka ukalala juu ya fimbo. Akauambia shika. Vidole vikabaki vimelala. Tukarudi mikono mitupu, na kesho yake tukaenda tena tukarudi vile vile, na tukaenda tena.

Halafu kidole cha mwisho kikajikunja. Nilikuwa nimechutama pale pale, uso wangu karibu na kinu, sikukosea. Hakuna aliyekishika. Kilijikunja chenyewe, polepole, kikaigusa fimbo. Kama umewahi kumwona kifaranga akitoboa ganda, ni vile vile. Niliwaza, Mungu wangu, kumbe huyu mtu alikuwamo humu ndani siku zote, anatafuta njia ya kutokea. Mama mkwe alikitazama kidole chake bila kupumua. Mtani naye aliinama akakitazama kwa karibu.

Kisha akakohoa. "Kidole kimoja hakivunji chawa," akasema. "Kesho."

Tangu hapo ikawa kila akiweza jambo, Mtani anaongeza jingine. Aliposhika fimbo na kuinyanyua kwenye kinu, Mtani akaipokonya. "Umeinua? Basi bei imepanda." Kesho yake tukaikuta imeegemezwa ukutani, usawa wa kiuno. Ikapanda usawa wa bega. Ikahamia nyuma ya nyumba, penye mteremko wa kokoto. Bandu bandu huisha gogo, na mimi niliona gogo lile likiisha. Shavu la mguu likarudi kuwa gumu. Mkono ukajikunjua kutoka kifuani, ukaanza kuning'inia kama mikono ya watu. Usiku alianza kulala fofofo, na asubuhi anadai ugali wa uwele badala ya uji, anasema uji ni wa wagonjwa.

Mtama ulipoanza kukatwa, tuliikuta fimbo juu ya tembe ya Mtani. Tembe, nyumba ya kwetu, paa lake ni la udongo, tambarare, si la juu sana, lakini kwa mtu mfupi ni lazima mkono upite kichwa. Watu walikuwa wengi siku hiyo, wanapita na matita ya masuke wakielekea kiwanjani, wakasimama kutazama. Mama mkwe akaegemeza mchi ukutani. Akasogeza miguu. Akauinua mkono wa kulia, ukafika kidevuni, ukafika kwenye paji la uso, ukawa unatetemeka pale. Akajinyoosha kwa vidole vya miguu. Mguu ukamsaliti, akaanguka chali kwenye kokoto.

Nilipiga kelele. Watu wakatua matita.

"Asimguse mtu!" Mtani akasema, na akasimama kati yetu na mama mkwe.

Mimi mkwe mgeni, ambaye kwa kawaida nilizungumza na watu wazima macho chini, nilimtazama Mtani usoni nikamwambia, "Mama, wewe ni mtu wa namna gani?" Sijuti. Nilikuwa nimekasirika. Mtani hakusogea. Alikuwa ameweka mikono nyuma, na nilipomzunguka ili nipite ndipo nikaiona. Mkono mmoja ulikuwa umeukamata mwingine kwa nguvu, na yote miwili ilikuwa inatetemeka kuliko ya mgonjwa.

Nikasimama.

Mama mkwe alilala akitazama juu kwa muda. Akageuka ubavu. Akaleta goti chini ya tumbo, akaweka kiganja cha kushoto, kisha, bila mtu kumwambia, akaweka na cha kulia. Nikakiona kiganja kile kimefunguka, vidole vyote vimetandazwa kwenye kokoto, vimebeba uzito. Akasukuma. Mgongo ukainuka, goti moja, mguu mmoja, mguu wa pili, na huyo amesimama, vumbi limemjaa kichwani, analitazama paa. Hakuufuata mchi. Akauinua tena mkono ule ule, ukapita kidevu, ukapita paji la uso, ukapita nywele, na vidole vikatambaa juu ya udongo wa tembe mpaka vikaipata fimbo. Akaishusha.

Watoto walikuwa wamepanda juu ya matita ili waone.

"Ala!" Mtani akasema, sauti imekwaruza. "Sasa mimi nitapuria nini?" Vigelegele vikapasuka, na mimi nilikuwa nalia wazi wazi mbele za watu, na mimi si mtu wa kulia ovyo.

Kiwanjani alisimama mahali pake, mbele ya Mtani. Wimbo sasa ulikuwa wa Mtani, kwa kuwa ulimi wa mama mkwe ulikuwa bado mzito. Nilidhani ataimba polepole kumwonea huruma. Thubutu! Aliimba kwa mwendo wa siku zote. Mapigo ya kwanza ya mama mkwe yalichelewa, fimbo zikagongana, masuke yakaruka, akatukanwa vizuri. Halafu nikaona mabega yake yameacha kufikiri. Sijui niseme vipi. Wimbo ulimwingia, na mkono ambao majuzi ulikuwa haushiki hata punje ya chumvi ukainuka wenyewe kwenye zamu yake na kushuka kwenye zamu yake. Hakupura mpaka uji. Alipura kidogo, akaketi, akarudi, akaketi tena. Lakini alipura, na jioni alikula akasinzia na ugali mkononi.

Miaka mingi baadaye nilisomea kazi ya mazoezi ya viungo, nikawa nawanyoosha wagonjwa hospitalini. Tulifundishwa kwamba mwili hujenga kile unachodaiwa, kwamba mzigo upande kidogo kidogo, kwamba mpigo wa wimbo unaweza kuufikia mguu ambao amri haiufikii. Tulifundishwa pia kwamba aliyefanya kazi maisha yake yote ana akiba ya kuchota siku ya shida. Yote ni kweli na nimeyaona yakifanya kazi. Lakini darasani nilikuwa naiona tembe ile. Mtani hakujua udaktari. Daktari ndiye aliyejua, na sisi nyumbani tulijua alichosema. Mtani alikuwa na ruhusa, na akaitumia mpaka mwisho.

Mkono wa mama mkwe haukupona wote. Hakuweza tena kutia uzi kwenye sindano, na kwenye baridi ulikuwa unakaza. Msimu baada ya msimu walisimama uso kwa uso, vichwa vimekuwa vyeupe, wakitukanana.

Mtani alitangulia. Aliondoka wakati wa mavuno, usingizini, na jioni ya jana yake alikuwa amepura. Tulikwenda kuzika kwa miguu, mama mkwe mbele na mimi nyuma, na sikuhitaji kubeba kigoda. Njiani alipitia nyumbani kwa marehemu, akatoka na fimbo yake ya kupuria. Watoto wa marehemu hawakumzuia, kwa sababu ni mtani.

Karibu na kaburi palikuwa na jiwe, moja ya yale mawe makubwa ya kwetu, limepita kimo cha mtu. Mama mkwe akaipandisha fimbo juu ya jiwe lile. Kisha akasogea ukingoni mwa kaburi, jeneza limeshashushwa, akainama.

"Haya, mzoga," akasema. "Fimbo yako nimeteka. Ile pale juu. Sikuletei. Inuka uifuate mwenyewe."

Watu wakacheka huku wanalia, maana ndiyo kazi ya mtani msibani. Yeye hakucheka. Alitazama chini, akangoja. Alingoja muda mrefu hata wenye majembe wakaanza kutazamana, na mume wangu akanong'ona, "Mama." Hakumsikia. Alikuwa anangoja kweli.

Mwisho akaenda kwenye jiwe. Akauinua mkono wa kulia, ukapita kidevu, ukapita nywele zake nyeupe, akaishika fimbo akaishusha. Akawapa wenye majembe ishara wafukie.